Garcia Flynn wa Timeless: tazama kwa ajili ya adui, si steringi

Timeless, tamthilia ya kusafiri katika wakati ya televisheni ya NBC ya Marekani, nimeimaliza mara mbili, na mara zote mbili aliyenibakiza mbele ya skrini ni Garcia Flynn. Anachezwa na Goran Višnjić, yule Dk. Kovač wa ER, tamthilia ya hospitali. Sehemu ambazo Flynn anaonekana dakika chache tu ni zile ambazo hata ukisinzia hupotezi kitu. Namwaga hadi mwisho wa hadithi hapa, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa utamu, simama kwanza.

Kuhusu urefu: sizoni ya kwanza ina sehemu 16, ilianza Oktoba 2016. Ya pili, ya 2018, ina 10. Kisha kuna hitimisho la sehemu mbili lililorushwa 20 Desemba 2018. Jumla 28, kila moja kama dakika 42, yaani karibu saa 20. Kabla hujalipia, hakiki kwamba hitimisho limo. Sehemu ya kumi ya sizoni ya pili inaishia na Rufus, mmoja wa mashujaa, amekufa, na anayeishia hapo hatajua Flynn alikuwa na kazi gani kwenye hadithi hii.

Flynn anaiba mtambo mkubwa wa kusafiri katika wakati, Mothership, na kurudi nao Mei 1937, Lakehurst, New Jersey, siku Hindenburg, ile ndege kubwa ya puto ya Kijerumani, ilipoungua. Mwanahistoria Lucy, mwanajeshi Wyatt na rubani Rufus wanamfuata na Lifeboat, mtambo wa majaribio wenye viti vitatu. Anachotaka ni kuing'oa Rittenhouse, kundi la siri lililomwulia mke wake Lorena na binti yake Iris mwaka 2014. Hapo ndipo ubora wa uandishi ulipo: kuhusu Rittenhouse, Flynn anasema kweli tangu mwanzo. Ni namna anavyowawinda ndiyo inayomfanya adui. Lucy anarudi nyumbani kutoka 1937 na kukuta mdogo wake Amy hajawahi kuzaliwa, na Flynn haombi radhi.

Kama una muda mdogo, sehemu zinazombeba Flynn katika sizoni ya kwanza ni hizi: ya 1, 2, 3, 6, 8, 10 na 16. Ya pili inamwonyesha akifika mbali kuliko unavyotarajia, maana Lincoln anauawa kwa mkono wake. Ya tatu, Las Vegas 1962, usiiruke ukidhani ni ya kupitisha muda. Anaiba kiini cha plutoni ili Mothership ipate nishati yake yenyewe, na bila kuiona hiyo utajiuliza baadaye anachajia wapi bila kukamatwa. Ya sita, Watergate (ile kashfa ya Rais Nixon), ndipo anapoifungukia timu ya Lucy kuhusu Rittenhouse na kuwagombanisha kwa siri ya Rufus, kwa hesabu safi kabisa.

Ya nane ndiyo ningemwonyesha mtu anayebisha kwamba Flynn ni gaidi tu. Ni 1969, Apollo 11 iko mwezini. Mikono ileile iliyohujumu mitambo ya NASA na kuwaacha wanaanga hatarini inamdunga adrenalini mtoto aliyeumwa na nyuki. Mtoto huyo ni Gabriel, kaka yake wa mama mmoja, ambaye kihistoria alikufa siku hiyo. Hakuna hotuba wala muziki wa kukulazimisha ulie. Anamtazama mama yake, kijana kuliko yeye mwenyewe, kisha anaondoka.

Halafu ya kumi, 1780. Kwa mara ya kwanza timu na Flynn wanawinda upande mmoja, na David Rittenhouse anauawa. Anabaki mwanawe John, mtoto. Flynn anataka kummaliza ili ukoo wote wa uovu ukatike, na Lucy anasimama katikati. Tamthilia inakubali kukuacha bila jibu: mtoto anakimbia, na kila kifo kinachofuata kinaweza kuhesabiwa kwa Lucy. (David Rittenhouse wa kweli alikuwa mwanaastronomia na fundi saa, mkurugenzi wa kwanza wa kiwanda cha sarafu cha Marekani. Maskini, hakustahili.)

Kinachoharibika ni sizoni ya pili. Flynn anaanza akiwa gerezani, na kufikia sehemu ya nne, Salem 1692, yuko ndani ya Lifeboat na timu. Nafasi ya adui wanaichukua Emma na Nicholas Keynes wa Rittenhouse, ambao ni wabaya moja kwa moja, hawana jeraha linalokuuma wewe mtazamaji. Flynn anageuzwa mtu wa maneno makali na bunduki ya akiba. Višnjić bado anacheza vizuri, ila wameshamnyang'anya swali lake. Ya kwanza naipa 8 kwa 10, ya pili 6.

Dosari nyingine ni kanuni za safari. Tangu mwanzo tunaambiwa huwezi kurudi kwenye wakati ambao tayari unaishi. Mwishoni kanuni inalegezwa: ukienda, mwili unaanza kuharibika. Flynn anajipeleka 2012 peke yake, anamwua Jessica, mke wa Wyatt, ili Rufus awe hai tena, anairudisha Lifeboat kwa wenzake na hatoki tena. Kifundi ni kiraka. Kwa Flynn lakini kinakaa sawa, maana mtu aliyeua wengi kwa ajili ya familia yake anaua tena, safari hii kwa ajili ya familia isiyo yake.

Ukimaliza, irudie sehemu ya kwanza pale Flynn anapomwonyesha Lucy daftari lenye mwandiko wake, ambalo Lucy mwenyewe hajaliandika bado. Mara ya kwanza anaonekana mwendawazimu. Baada ya kuiona ile baa ya São Paulo, ambako Lucy wa baadaye anampa Flynn daftari hilo, mtazame Lucy usoni, si Flynn.