Uzoefu wangu: udongo wa bustani ya ndoo niliouziwa Dodoma, na dharau niliyoongezewa juu yake

Naandika nikiwa bado na hasira na sitaificha. Kama uko Dodoma na unataka kupanda mboga kwenye ndoo au viroba nyumbani kwako, soma hapa kabla hujamtumia mtu pesa ya udongo.

Kuna kitalu kimoja cha miche nje kidogo ya mji, jina nitalihifadhi. Wanauza miche, ndoo zilizotobolewa tayari, na udongo ambao wanasema umeshachanganywa na samadi, wewe kazi yako ni kupanda tu. Wanakuletea mpaka mlangoni kwa kirikuu. Huduma yenyewe inahitajika sana. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 watu tumejaa kwenye nyumba za kupanga, na ua mwingi umesakafiwa wote, hata pa kuchomeka shina la mchicha hapapatikani. Mimi nipo Ilazo na hali ni hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa nilimuuliza mwenye kitalu jambo moja tu: samadi imeoza? Akanijibu kwa maandishi, na ujumbe ninao mpaka leo: "Mama usiwe na wasiwasi, imekaa zaidi ya miezi sita, hiyo ni mboji kabisa." Nikalipa. Vijana wao walikuja nikiwa kazini, wakajaza ndoo, wakapanda nyanya, hoho na sukuma wiki, wakamwagilia, wakaondoka. Nilirudi jioni nikakuta mstari mzuri wa kijani ukutani, roho ikafurahi kweli.

Furaha haikumaliza wiki. Nyanya zilianza kwenye ncha za majani, zikawa kahawia, majani yakajikunja kuelekea juu. Hoho zikadondosha majani mpaka zikabaki vijiti. Kila asubuhi nakuta mmoja umelala. Kulikuwa na viroba vilivyobaki, nikafungua kimoja nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Ndani kulikuwa na joto! Yaani joto la uji uliotoka kuepuliwa, na kiroba kilikaa kivulini. Harufu ya mkojo wa ng'ombe ikanipanda puani mpaka macho yakatoa machozi. Nikachota konzi nikalitazama juani: kinyesi kiko mabonge mabonge, vipande vya mabua ya mtama bado vya njano, punje za mtama nzima nzima ndani yake. Juu walikuwa wametandaza udongo mwekundu kidogo upendeze machoni.

Asiyejua hasara ya jambo hili aelewe. Samadi mbichi bado inachachuka, lundo kubwa linaweza kupita nyuzi 60 za joto, na inatoa amonia inayounguza mizizi. Shambani ardhi ni pana, makali yanasambaa. Kwenye ndoo ya lita 20 mzizi hauna pa kukimbilia. Na hapa kwetu kwa wastani mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo usitegemee mvua ije ikusafishie chumvi iliyomo kwenye ndoo. Unamwagilia maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi, ukitaka kuamini tazama utando mweupe ndani ya birika lako. Achilia mbali kwamba hizo ni nyanya za kachumbari, zinaliwa mbichi na watoto, na kinyesi kibichi kina vijidudu vyake.

Hata hivyo, mpaka hapo nilikuwa tayari kusema ni bahati mbaya. Mzigo mmoja unaweza kukosewa. Nikachota ule udongo kwenye kopo nikaenda kitaluni mwenyewe, kwa adabu zote.

Nilimkuta anahudumia wateja, mzee mmoja aliyekuwa anachagua miche ya mizabibu na dada wawili. Nikasubiri zamu yangu. Nikasalimia. Nikamwambia, "Kaka, udongo mlioniletea haujaiva, unaunguza miche, naomba uutazame." Nikamsogezea kopo. Hakulitazama. Macho kwenye simu, akasema, "Mama, nyie wenye kazi za ofisini mnamwagilia mnavyojisikia, miche ikifa mnasingizia udongo."

Nikamwambia ashike tu kwa mkono wake. Ndipo akainua uso: "Mimi nimesomea kilimo. Wewe umesomea nini?"

Mbele ya wale watu wote.

Jamani, mimi ni mzaliwa wa Mvumi. Nimezoa samadi zizini kabla sijajua kuandika jina langu. Bibi yangu hakupeleka shambani samadi ya juzi hata siku moja: inalundikwa pembeni, inageuzwa, inaachwa mpaka iwe nyeusi, ipukutike mkononi, isinuke tena, ndipo ibebwe. Nikamweleza hivyo hivyo. Akacheka, akawageukia wateja wake: "Hayo ya kijijini kwenu huko. Hapa tunafanya kitaalamu."

Utaalamu gani wa kushindwa kugusa udongo wako mwenyewe? Ningekuwa nimekosea, angetumia nusu dakika kunionyesha. Hakutaka kutazama, basi. Yule mzee wa mizabibu alishika lile kopo, akanusa, akanirudishia bila kusema neno, lakini miche yake aliiacha pale pale akaondoka.

Sasa nitasema na haki yao. Miche ni mizuri, siwezi kudanganya. Shina nene, mizizi meupe, hakuna hata mdudu mmoja chini ya majani. Na mmoja wa vijana wao (simtaji asije akapoteza kibarua) alipita kwangu baada ya kazi, akaanza na "shikamoo mama, nimesikia miche imesumbua". Akamwaga ndoo zote, akasuuza mizizi ya iliyokuwa bado hai, tukachanganya upya: ndoo mbili za udongo, moja ya mchanga wa korongoni, moja ya samadi ya mbuzi iliyoiva ambayo shangazi alinipa kutoka Chamwino. Pesa aliikataa, ikabidi nimlazimishe nauli. Leo sukuma wiki nakata, na nyanya zilizopona zina maua. Kwa ajili ya huyo kijana na hiyo miche nilikusudia kuwapa nyota tatu.

Lakini kila nikikumbuka nilichokiona wakati natoka pale, nashindwa. Nyuma ya kibanda, hatua chache tu kutoka alipoketi bwana huyo, kulikuwa na lundo la samadi linafuka mvuke, na kijana anapakia viroba kutoka kwenye lundo hilo hilo. Kwa hiyo aliyekuwa ananiuliza nimesomea nini anajua vizuri anachouza. Nyota moja, na hiyo ni ya miche.

Ukitaka miche yao nenda kachukue, udongo tafuta kwingine. Popote utakaponunua udongo, ingiza mkono katikati ya kiroba, usiridhike na wa juu. Ukiona joto, rudisha hapo hapo. Ukiwa na shaka, otesha mchicha kwenye kikopo cha udongo huo kwanza. Mchicha haukawii kuota, na ukichipua halafu ukakauka umeshapata jibu kabla hujaharibu miche ya pesa. Na kama una ndugu mfugaji, Bahi au Chamwino, mwombe samadi ya zizi la zamani, wengi watakupa bure na watakushukuru kwa kuwapunguzia lundo.

Yeye nimemtumia picha, nimempigia, sasa hapokei namba yangu. Viroba vilivyobaki nimevishona tena, vipo nje ya geti. Aje avichukue, na aje na pesa yangu mkononi.