TAHADHARI wana Tanga: muuza skrini za "4K" wa Ngamiani kanila milioni mbili na laki nne

Naandika hii mikono inatetemeka kwa hasira, na aibu ninayo pia, sitaficha. Wote mliokuwa mnaniuliza studio yangu ya video imefikia wapi, jibu ndilo hili: nimeibiwa. Hela nimeitoa kwa mkono wangu, ikahesabiwa mbele yangu, nikapewa risiti, na mwizi mwenyewe akanisaidia kupakia maboksi kwenye bajaji.

Na hela yenyewe ilikuwa ya kikoba.

Nilikuwa nataka kompyuta ndogo, ile ya kuning'inia nyuma ya skrini, maana chumba changu ni kidogo, na skrini tatu za 4K, zile za picha kali zenye nukta (pikseli) 3840 kwa 2160. Moja ya kuhariria video, moja ya klipu na faili, moja ya kumgeuzia mteja aone kazi yake. Nilizunguka maduka manne. Mawili waliniambia wazi hawana. La tatu walinitajia bei nikashukuru nikatoka. La nne ndilo la huyu bwana.

Sasa acheni niwaeleze alivyonifanya, maana najua wapo watakaosema sikuangalia. Niliangalia! Nilikaa mle dukani zaidi ya saa mbili. Akaniita dada'angu, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Muheza, ukoo fulani. Akamtaja mjomba wangu kwa jina na msikiti anaoswali. Akaagiza kahawa na kashata. Ilipoadhiniwa alasiri akaniomba radhi, akaenda kuswali, akaniacha peke yangu na duka lake lote. Nyinyi mngemshuku? Mtu kakuachia bidhaa zake hata kijana wa kukulinda hayupo, unaanzaje kumwona mwizi?

Aliporudi akachomeka mitambo. Kompyuta yenyewe upana haufiki shibiri, unene kama vidole viwili, nyeusi, safi, imefutwa vumbi hadi kwenye matundu. Nyuma yake ukatoka waya mmoja wa HDMI, ule wa kupitisha picha, ukaingia kwenye kiboksi cheusi kama kiberiti kikubwa, na kwenye kiboksi zikatoka nyaya tatu kwenda kwenye skrini tatu. Akawasha. Kasa. Kasa mkubwa anaogelea juu ya matumbawe, maji ya buluu mpaka unahisi baridi, na kasa yule yule yupo kwenye skrini zote tatu, akipinduka anapinduka kote kwa pamoja. Niliinuka kwenye stuli. Nikapiga picha, ninayo mpaka leo kwenye simu na kila nikiiona tumbo linanikata, kwa sababu wizi wote umo kwenye picha ile. Kasa mmoja, mara tatu. Nilikuwa nauangalia kwa macho yangu na sikuuona.

Nikamuuliza, na wallahi hapa ndipo damu inaponichemka: "Nikitaka kila skrini iwe na kitu chake, itakubali?" Akacheka kwa upole, akasema, "Dada'angu, hiyo setingi tu. Ukifika nyumbani unachagua." Nikamuuliza 4K nitaijuaje. Akaingiza kidole chini ya skrini, akabonyeza kitufe, kwenye kona yakatokea maandishi: 3840 x 2160. "Soma mwenyewe." Nikasoma mwenyewe, kwa sauti. Akafanya hivyo skrini ya pili, na ya tatu. Kompyuta laki nane na nusu, skrini laki tano tano, kiboksi elfu hamsini. Nikalipa.

Usiku ule mpaka saa nane nilikuwa kwenye setingi. Kompyuta inaona skrini moja tu. Natafuta sehemu ya kutandaza kazi kwenye skrini zote, haipo. Nikisogeza mshale unaburuta nyuma ya mkono wangu. Maandishi ya menyu yana ukungu kama unasoma kupitia neti ya mbu. Asubuhi nikampigia, akapokea vizuri tu, akasema ni programu, njoo Jumatatu. Jumatatu simu haipatikani. Dukani yupo kijana, anasema bosi kasafiri Dar, halafu ananionyesha chini ya risiti yangu mwenyewe: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mwandiko mdogo kuliko punje ya mtama.

Aliyenifungua macho ni yule kaka fundi wa Makorora, Mungu amjalie. Hakuchukua hata dakika tano. Kiboksi kile ni splita. Kazi yake ni kupokea picha moja na kuirudufu, basi, ndiyo yale mabaa wanayotumia kuonyesha mpira kwenye televisheni nyingi. Kompyuta haijui kwamba huko mbele kuna skrini tatu, inajua moja. Setingi aliyoniahidi haipo duniani. Ili kila skrini iwe na picha yake, kila moja iwe na njia yake ya kutokea kwenye kompyuta, au utumie DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha, yenye uwezo wa kupitisha skrini zaidi ya moja kwenye waya mmoja. Na hata huko kuna kipimo: DisplayPort 1.2 ikishabeba 4K moja ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, 4K nyingine ya hezi 60 haiingii tena, njia imejaa.

Yangu ina HDMI moja ya zamani, 1.4, ambayo kwa 4K inaishia picha 30 kwa sekunde. Ndiyo maana mshale unaburuta. 60 inataka HDMI 2.0 kwenda mbele. Ina DisplayPort moja. Na ile USB-C, tundu dogo la mbele, ambayo muuzaji aliniambia "hii inatoa picha pia"? Haitoi. Ni ya data tu. USB-C zinafanana sura, lakini si zote zinazopitisha video.

Halafu skrini zenyewe. Kaka akatengeneza picha ya mistari, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kila mstari upana wa pikseli moja, akaifungua kwa ukubwa wake kamili. Kwenye skrini yake ya 4K ya kweli nilisogeza jicho nikaiona mistari, mmoja mmoja, kama uzi wa kanga. Kwenye zangu ikaja rangi ya kijivu. Kijivu tupu, kama sakafu ya saruji. Skrini zina pikseli 1920 kwa 1080, robo ya 4K. Zinapokea mawimbi ya 4K halafu zinayabana. Namba niliyoisoma kwa sauti ilikuwa ya picha inayoingia, haikuwa ya kioo. Tukageuza mgongo wa skrini: stika ya modeli imebanduliwa, gundi bado inanata, juu yake kabandika stika mpya ya dhahabu, 4K UHD.

Huyu alijua. Mtu habandui stika kwa bahati mbaya. Alikaa na wembe, akakwangua skrini ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaninywesha kahawa. Nataka arudishe kila shilingi, na nataka duka lifungwe. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, hilo si jambo la kumalizana kwa kuombana radhi. Nimeshachukua RB, namba ya taarifa ya polisi. Tume ya Ushindani nao nawaandikia, bidhaa bandia ndiyo kazi yao. Mjomba ananiambia nimsamehe kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Kwanza mjomba mwenyewe hamkumbuki kabisa! Simsamehi. Awekwe ndani, na mwenye nyumba aliyempangisha ajue anampangisha nani. Jina silitaji hapa kwa sababu ya kesi, lakini nikiulizwa na polisi nataja mpaka rangi ya mlango.

Kwa wanaotaka kununua wiki hii: mwambie afungue kitu tofauti kwenye kila skrini, palepale, kabla hujatoa hata mia. Skrini isiyo na stika ya modeli iache hapo hapo, na yenye stika tafuta modeli hiyo mwenyewe kwenye simu. Hezi pia muulize. Na ukiona kiboksi kati ya kompyuta na skrini, uliza kinafanya nini, akikwambia setingi, ondoka.

Kijana wa dukani lilimponyoka neno kwamba mimi si wa kwanza, kuna mwingine wa Pongwe alirudi na maboksi mwezi uliopita. Kama ni wewe, au unamjua, nitumie ujumbe. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo kituoni na skrini zangu tatu. Njoo na risiti yako, na stika usiiguse.