Utabiri wa umeme wa jua kwa gridi ndogo ya kijiji: ulipie kipi kwanza

Gridi ya kijiji yenye paneli za kW 20 hadi 60, betri na jenereta ya akiba haina haja ya kujua wingu litapita dakika gani. Fundi anataka kujua leo zitaingia kWh ngapi, na mashine ya kusaga iwashwe asubuhi au ingoje saa sita. Tumepanga njia tano za kupata utabiri huo kwa kigezo hicho, bora ikitangulia.

1. Seli ya kupimia mionzi pamoja na Open-Meteo

Pesa ya kwanza iende hapa. Open-Meteo, huduma ya utabiri wa hali ya hewa mtandaoni, hutoa mionzi ya jua ya kila saa kwa mlalo (pembe ya mwinamo) wa paneli zako. Ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kwa hiyo mradi unaouza umeme ulipie. Hesabu ni nyepesi: mionzi kwa W/m² gawanya kwa 1000, zidisha kwa kWp (uwezo wa juu wa paneli kwa kilowati), kisha kwa 0.78 ya hasara za joto, nyaya na inveta. Paneli za kWp 30 kwenye 600 W/m² zitatoa kama kW 14.

Seli ni ya nini wakati inveta inaweka kumbukumbu? Betri ikijaa, chaja hubana paneli. Inveta itaandika kW 6 wakati jua lingetosha kW 20, na ukisahihisha utabiri kwa kumbukumbu hizo utazidi kuuharibu. Seli haijali betri. Chukua ya silikoni yenye RS485 (waya wa kupeleka data), ifungwe kwenye fremu ya paneli kwa mlalo uleule, ifutwe kila wiki. Kipima mionzi cha daraja A la ISO 9060, kiwango cha kimataifa cha vipimo hivyo, waachie wenye mitambo mikubwa.

Kila wiki, kwa kila saa ya mchana, gawanya jumla ya mionzi iliyopimwa siku 30 zilizopita kwa jumla iliyotabiriwa. Jibu ndilo la kuzidishia utabiri wa wiki inayofuata. Usilifanye la kudumu: la masika halifai kiangazi.

Makosa ya kawaida ni mawili. Kwenye Open-Meteo uelekeo 0 ni kusini; paneli za Mbeya au Mtwara hutazama kaskazini, andika 180. Usipotaja Africa/Dar_es_Salaam kama saa za eneo utapewa saa za UTC (saa za kimataifa), na jua la adhuhuri litaonekana saa tatu mapema. Kumbuka pia kwamba thamani ya 10:00 ni wastani wa saa iliyotangulia. Ubaoni andika "saa nne", la sivyo mwenye mashine atasoma 10:00 kama saa kumi na kuja alasiri.

2. Solcast

Ni huduma ya utabiri wa jua inayofuatilia mawingu kwa picha za setilaiti, hivyo kwa saa moja hadi nne zijazo ni vigumu kuishinda. Faida hiyo ni kubwa visiwani Ziwa Victoria, ambako radi hukesha juu ya maji na mabaki ya mawingu huweza kufunika asubuhi. Inunue kama jenereta inawaka karibu kila siku na mtandao wenu hautetereki. Utabiri wa setilaiti uliochelewa saa mbili umeshapoteza kilichoulipia.

3. Forecast.Solar

Huduma hii ya utabiri mtandaoni yatosha zahanati au shule. Unaweka mahali, mlalo, uelekeo na kWp, inakupa wati moja kwa moja. Uelekeo 0 hapa pia ni kusini.

4. Modeli huria ya Quartz

Ni programu huria ya kutabiri umeme wa jua, iliyofundishwa kwa paneli za Uingereza. Nzuri kwa kijana wa kompyuta anayetaka kujaribu, si kwa kuamulia dizeli.

5. Kamera ya kutazama anga

Msinunue. Inaona dakika kumi hadi ishirini mbele, muda ambao betri inaubeba bila taabu, na pwani chumvi hutia ukungu lenzi.

Kabla ya kulipa

Omba mwezi wa majaribio. Chora safu tatu: utabiri wa jana jioni, kipimo cha seli, na "leo kama jana". Tafuta wastani wa tofauti ya kila siku kati ya kipimo na kila moja ya safu nyingine mbili. Huduma isiyoishinda safu ya tatu haifai kulipiwa. Jaribio lifanyike msimu wa vuli au masika. Dodoma mwezi Julai, "leo kama jana" karibu haikosei. Na hifadhi utabiri siku ileile unapotoka, kwa sababu ukiuomba baadaye unaweza kupewa toleo lililokwisha kurekebishwa.