Kiingilio 3,000 mechi ya Championship: uzoefu wangu

Jumamosi iliyopita niliwachukua wanangu wawili tukaenda kuitazama timu ya mkoa wetu kwenye Ligi ya Championship, ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Jina la timu naliacha, kwa sababu wachezaji hawana kosa. Kiingilio cha mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida, 3,000, mkubwa na mtoto bei moja. Getini nikatoa 9,000, bodaboda kwenda na kurudi 4,000, maji na karanga 2,500. Jumla 15,500. Kibanda umiza cha mtaani kwetu, tunakotazama mpira kwenye TV, siku ya Simba au Yanga ni 500 kwa kichwa, na watoto wadogo wanakaa chini mbele bure.

Mpira wenyewe nausifu. Huku chini watu wanapambana kweli, maana timu mbili za juu zinapanda Ligi Kuu moja kwa moja, kama Mtibwa Sugar na Mbeya City msimu wa 2024/25. Bao letu la pili lilitokana na beki wa kushoto aliyepandisha tangu nusu ya uwanja akamimina krosi, mshambuliaji akaitia kichwa katikati ya mabeki wawili. Mwanangu mkubwa aliruka akamwaga karanga zote. Ila uwanja ulikuwa mtupu kiasi kwamba tulipo tulimsikia kipa akiwapanga mabeki wake kwa majina. Upande wetu niliwahesabu watu, hawakufika mia mbili.

Zamani tulikuwa tukiingia kwa 1,000, na upande huohuo kulikuwa na ngoma na kina mama wa sokoni. Kisha tukapangiwa timu kubwa ya Dar kwenye Kombe la Shirikisho. Siku hiyo kiingilio kilikuwa 5,000 na watu wakabaki nje. Mechi iliyofuata ya ligi tukakuta 3,000, na haijashuka mpaka leo. Naona hapo ndipo hesabu ilipokosewa: waliojaza uwanja siku ile walivaa jezi za wageni. Walikuja kwa mgeni, wakaondoka naye. Sisi tuliokuwa tukija kila wiki ndio tuliobaki kulipa bei yao.

Nimekulia Mbeya. Msimu wa 2013/14, Mbeya City walipoingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza wakamaliza wa tatu, Uwanja wa Sokoine ulijaa rangi ya zambarau ya timu na umati ule ulikuwa wa kwao wenyewe. Umati wa namna ile unakuzwa na mtu kuja leo, na wiki ijayo, mpaka mtoto wake ajue majina ya kikosi kizima. Kwenye ndondo za mtaani watu bado wanapanda hadi juu ya miti kutazama, kwa hiyo nakataa wanaosema watu wamechoka na mpira.

Kwa mchezo natoa nyota nne kati ya tano. Kwa kiingilio, moja. Kama uko peke yako na una nafasi, nenda, kaa upande wa magharibi, jua la saa kumi halikupigi usoni. Viongozi, rudisheni 1,000 na watoto wa shule waingie bure, hata kwa mechi tatu tu, muone.

Wiki hii tuna mechi nyumbani tena. Mimi nitakwenda. Wanangu nimewaambia wasubiri mwisho wa mwezi.