Noti ya faranga 500 au sahani ya maharagwe?

Goma, mashariki mwa Congo, ukifika kwenye mzunguko wa barabara wa rond-point Signers mikono inakunjuliwa kwako: mama kipofu akiongozwa na mjukuu, mzee wa magongo, na maibobo, watoto wa mitaani. Umpe nini?

Noti ina heshima yake. Yule mama anajua mwenyewe kama leo anakosa makala ya kupikia, dawa au kodi ya nyumba, mimi sijui. Ila tangu benki zifungwe Januari 2025, noti ndogo zimechakaa mpaka wauzaji wanazikataa, na mara nyingine tunampa mwombaji hasa ile iliyokataliwa sokoni. Tusijidanganye, hiyo si sadaka.

Chakula ni habari nyingine. Ukimkalisha mtoto kwa mama muuza maharagwe ukalipa, unamwona anakula, hakuna mkubwa wa kumnyang'anya, na mnaweza kuongea. Hapo ndipo utasikia baba alibaki kambini, au mama wa kambo alimfukuza. Lakini chakula kina kiburi chake pia: tunachagua kwa niaba ya mtu mzima, kama vile njaa imemwondolea akili.

Sheria ya Congo ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamhesabu mtoto anayeombaomba kuwa mwenye haki ya ulinzi maalum. Barabarani tunamwita mwizi kabla hajafungua kinywa.

Mimi mtoto namlipia sahani. Mtu mzima nampa noti, iliyo nzima, na namsalimu kwanza: "Jambo mama."