Uzoefu wangu na faili la Retrosheet la 1871: kuzifuata wiki za mwanzo za ligi ya kwanza ya kulipwa ya besiboli

Anayetaka kuzifuata wiki za mwanzo za besiboli ya kulipwa, mchezo baada ya mchezo, apakue faili la kumbukumbu za michezo la mwaka 1871 kutoka Retrosheet. Ni bure, halidai kujisajili, na ni dogo, halili bando. Kwa yaliyomo naliwekea nyota tano. Kwa urahisi wa kulifungua, tatu, kwa sababu asiyejua lilivyopangwa ataupoteza mchezo wa kwanza kabisa wa ligi na wala hatagundua.

Retrosheet ilianzishwa na David Smith mwaka 1989, na kazi yake ni kukusanya kumbukumbu za michezo ya ligi kubwa za Marekani. Msimu wa 1871 ndio wa kale kuliko yote waliyonayo. Ligi yenyewe iliundwa New York tarehe 17 Machi 1871, ada ya kuingia ikiwa dola 10 kwa klabu, na vilabu tisa vikaanza: Boston, Chicago, Cleveland, Fort Wayne, New York, Philadelphia, Rockford, Troy na Washington. Hapakuwa na ofisi ya kupanga ratiba. Makatibu wa vilabu waliandikiana barua, wakakubaliana tarehe, timu zikapanda treni. Ndiyo maana faili hili lina thamani: ratiba ya msimu ule haikuwahi kuandikwa mapema, unaiona tu kwa kufuata michezo iliyochezwa.

Mstari mmoja ni mchezo mmoja, na kila mstari una sehemu 161 zilizotenganishwa kwa mkato. Linakuja limebanwa kwenye zipu. Ukilifungua unakuta maandishi matupu yasiyo na vichwa vya safu. Ajali ya kwanza inatokea hapo. Programu nyingi za lahajedwali na za takwimu huuchukua mstari wa juu kuwa vichwa, na mstari wa juu wa faili hili ni mchezo wa tarehe 4 Mei 1871 pale Fort Wayne. Ukikubali mpangilio wa programu jinsi ulivyo, mchezo uliofungua ligi unageuzwa majina ya safu na kutoweka kwenye kila hesabu utakayopiga baadaye. Kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote, fungua ukurasa wa maelezo wa Retrosheet unaozitaja sehemu zote 161 kwa namba, andika mstari wako wa vichwa (hata namba 1 hadi 161 zinatosha), uubandike juu ya faili, kisha ndipo uingize.

Ajali ya pili ni mbaya zaidi, maana majibu yake yanafanana na ukweli. Sehemu ya 20 na ya 21 zinaonyesha mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) ya kila zamu ya kupiga, tarakimu moja kwa kila zamu, ya mgeni kwanza, kisha ya mwenyeji. Siku ile ya Fort Wayne wageni kutoka Cleveland hawakupata kitu, hivyo wameandikiwa 000000000. Programu ikidhani hiyo ni namba, inabakiza 0 moja. Wenyeji wameandikiwa 010010000, nayo inageuka 10010000. Sifuri ya mbele imeliwa, tarakimu zimebaki nane, na ukisoma kutoka kushoto utasema walipata mikimbio katika zamu ya kwanza na ya nne. Waliipata katika ya pili na ya tano. Dawa yake ni kuziwekea safu hizo mbili aina ya maandishi wakati ule ule wa kuingiza faili. Ukishahifadhi zikiwa namba, sifuri hazirudi. Futa uanze upya kutoka kwenye zipu. Ukikuta mabano katikati, mfano (10), ujue timu ilipata mikimbio kumi katika zamu moja, wala si kosa la uchapaji.

La tarehe ni dogo. Sehemu ya kwanza imeandikwa mwaka, mwezi na siku bila nafasi: 18710504. Baadhi ya programu za lahajedwali zinaanza kalenda yake mwaka 1900 na zitakataa kuitambua kama tarehe. Usihangaike. Iache ilivyo, ukiipanga kwa namba inakaa kwa mfuatano sahihi.

Sasa usomaji wenyewe. Sehemu ya 4 ni msimbo wa timu mgeni na ya 7 ni wa mwenyeji: CL1 ni Cleveland, FW1 ni Fort Wayne, BS1 ni Boston, WS3 ni Washington, RC1 ni Rockford, CH1 ni Chicago, TRO ni Troy, PH1 ni Philadelphia, NY2 ni New York. Sehemu ya 10 na ya 11 ni matokeo, ya 18 ni watazamaji, ya 19 ni muda wa mchezo kwa dakika. Ukibakiza safu hizo, pamoja na ya 1, 12, 20, 21 na 160, na kuficha nyingine zote, skrini ya kawaida inakutosha na wiki ya kwanza inaanza kuonekana.

Tarehe 4 Mei, Cleveland 0, Fort Wayne 2, watazamaji 200, dakika 120. Tarehe 5, Boston 20, Washington 18, watazamaji 5,000, dakika 145. Tarehe 6, Cleveland 12, Rockford 4, watazamaji 1,000. Tarehe 8, Cleveland 12, Chicago 14, watazamaji 5,000, dakika 150. Tarehe 9, Boston 9, Troy 5. Fuata jina la Cleveland uone safari: siku tano, miji mitatu, yote ugenini. Sehemu ya 6 na ya 9 zinahesabu ni mchezo wa ngapi kwa kila timu, na hapo unaona kwamba Cleveland walipofika Chicago walikuwa kwenye mchezo wao wa tatu ilhali wenyeji wao ndiyo kwanza wanaanza.

Katika mistari hiyo mitano, sehemu ya 12 inaandika 54 kila mahali. Ni idadi ya wachezaji waliotolewa, 27 kwa kila upande, yaani watatu kwa kila zamu. Mzoefu wa besiboli ya leo atashangaa, kwa sababu siku hizi mwenyeji anayeongoza hapigi tena katika zamu ya tisa, na mchezo kama huo unaishia 51. Mwaka 1871 zamu zote tisa zilichezwa hadi mwisho hata kama mshindi ameshajulikana. Usijaribu kusahihisha.

Safu ninayoipenda kuliko zote ni ya 160, ambayo wengi wanaifuta wakidhani ni takataka. Mara nyingi iko tupu, lakini mahali pengine utakuta herufi HTBF. Maana yake mwenyeji ndiye aliyetangulia kupiga. Zamani hizo nahodha walirusha sarafu kuamua nani aanze, kwa hiyo mgeni kuandikwa juu hakumaanishi kwamba ndiye aliyeanza. Chukua mchezo wa Washington wa tarehe 5. Boston wameandikiwa 107000435, Washington 640113030. Mstari huo una HTBF. Sasa jumlisha hadi zamu ya nane: Boston wana 15, Washington wana 18. Washington wakapiga zamu yao ya tisa, wakapata sifuri. Ndipo Boston wakaingia wakiwa nyuma kwa mikimbio mitatu, nafasi ya mwisho, wakapata mitano na kuondoka na 20. Bila safu ya 160 ungedhani Washington ndio walioshindwa kufuta tofauti ya miwili mwishoni. Ni mchezo mwingine kabisa, na herufi nne ndizo zinazoutofautisha.

Matokeo makubwa namna hiyo yana sababu zake. Mrushaji alisimama futi 45 kutoka kwa mpigaji na alitakiwa kurusha kwa mkono wa chini, na kanuni ya 1871 ilimruhusu mpigaji kuagiza mpira wa juu au wa chini. Hakuna aliyevaa glavu, na mdakaji hakuwa na kinga ya uso. Mpira uliogusa ndani ya mstari kwanza ukatoka nje ulihesabiwa kuwa halali, na Ross Barnes wa Boston alikuwa bingwa wa kuupiga hivyo. Kwa hiyo michezo minne niliyoitaja ukiacha ule wa Fort Wayne ina wastani wa mikimbio 23.5 kwa timu zote mbili. Ule wa kwanza, wa 2 kwa 0, ndio wa ajabu. Anayeanza kuusoma msimu huo asiuchukue kama mfano wa besiboli ya wakati ule. Aufahamu kama kazi nzuri mno ya Bobby Mathews, mrushaji wa Fort Wayne aliyekuwa na miaka 19, ambaye jina lake lipo kwenye sehemu ya 105. Mpinzani wake Al Pratt yuko sehemu ya 103. Mwamuzi alikuwa mmoja tu, John Boake, sehemu ya 79. Nafasi za majina ya waamuzi wengine zimeandikwa (none), yaani hakuna, kwa haki kabisa.

Faili halikupi mchezo pigo kwa pigo. Halitakuambia kwamba Deacon White wa Cleveland, mpigaji wa kwanza wa ligi, alipata pigo la vituo viwili, wala kwamba Bill Lennon ndiye aliyefunga mkimbio wa kwanza. Kwa hayo unahitaji magazeti. Mkusanyiko wa Chronicling America wa Maktaba ya Bunge la Marekani ni bure, una Evening Star la Washington na Chicago Tribune la miaka hiyo. New York Clipper, gazeti la michezo la kila wiki, linapatikana bure kwenye mkusanyiko wa magazeti wa Illinois. Lilitoka Jumamosi, basi michezo ya Mei 4 hadi 9 itafute kuanzia toleo la tarehe 13. Andika “base ball” kwa maneno mawili, ndivyo walivyoandika. Timu mara nyingi inaitwa “nine”. Usitegemee jina Kekionga, ndivyo timu ya Fort Wayne ilivyoitwa, kupatikana kila mara: herufi zilikuwa ndogo, wino ulitapakaa, kompyuta inasoma vibaya. Ukikosa, fungua ukurasa wa siku inayofuata mchezo na upitishe macho mwenyewe kwenye safu zenye majedwali.

Mtego mkubwa wa magazeti ni jina Forest City. Cleveland walijiita hivyo, na Rockford nao vivyo hivyo. Tarehe 6 Mei timu hizo mbili zilikutana, kwa hiyo usishangae kusoma Forest City ikiifunga Forest City. Rudi kwenye faili: CL1 na RC1 haziwezi kuchanganywa. Hii ndiyo faida ya kuvitumia viwili hivi pamoja. Mtego mwingine ni majedwali yenye safu mbili tu, O na R. O ni mara ambazo mchezaji alitolewa, R ni mikimbio. Ukidhani O ni pointi, mchezaji mbovu kuliko wote atakuwa shujaa wako.

Kuhusu msimamo wa ligi, nashauri usiutengeneze kutokana na wiki hizi za mwanzo kwa kuhesabu ushindi peke yake. Idadi ya michezo ilitofautiana hadi mwisho: Philadelphia walimaliza mabingwa kwa kushinda 21 na kushindwa 7, Boston 20 na 10, Chicago 19 na 9, huku Fort Wayne wakiishia michezo 19 tu kabla ya kusambaratika. Isitoshe, baadhi ya ushindi wa Rockford ulifutwa baadaye kwa sababu ya Scott Hastings, aliyechezeshwa kabla ya kutimiza siku 60 tangu aache klabu yake ya awali. Kwa hiyo alama za uwanjani na msimamo rasmi havilingani kwa timu hiyo. Sehemu ya 15 ndiyo iliyotengwa kwa michezo iliyoamuliwa mezani. Iangalie kwanza kabla ya kuamini jumla yako.

Kwenye simu faili linafunguka kwa kisomaji chochote cha maandishi, lakini kuhesabu hadi sehemu ya 160 kwa kidole ni mateso. Tumia kompyuta, hata ya kibanda cha intaneti, utengeneze nakala yenye safu chache nilizozitaja, kisha ujitumie.

Masharti ya matumizi ni mepesi kupita kiasi. Unaruhusiwa kuzitumia data hizi upendavyo, hata kuziuza, mradi tangazo la haki miliki la Retrosheet lionekane kwenye kazi yako. Maneno ya tangazo hilo yako kwenye tovuti yao, yanakili yalivyo.