Uzoefu wangu baada ya kuacha king'amuzi na kuhamia video za intaneti

Jamani tangu nianze kuangalia vitu kwa intaneti sina hamu tena ya kufuata ratiba ya TV, na kilichonivuta wala si wingi wa sinema, ni muda. Mimi narudi kazini usiku, tamthilia imeshapita, ukiikosa unasubiri marudio ambayo nayo wanayaweka mchana watu wakiwa kazini. Sasa hivi nafungua apu naendelea pale pale nilipoishia, simu ikiisha chaji nahamia kwenye TV na inakumbuka mpaka dakika niliyokomea. Kwa hilo tu naipa maksi zote.

Ila bando sasa! Netflix wenyewe wameandika kwamba HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa na 4K mpaka GB 7, piga hesabu sirizi yenye episodi kumi. Kama unaangalia kwa simu ingia kwenye setingi uweke ile ya kubana data, hapo GB 1 inakupeleka kama masaa sita hivi na kwenye kioo kidogo macho wala hayalalamiki, halafu ukipata WiFi pakua kabisa uangalie baadae. Na ukiona picha imekuwa na ukungu kidogo kisha ikakaa sawa usianze kulaumu simu, video inakatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kinawekwa kwa ubora tofauti, apu inachukua kile ambacho spidi yako inakiweza kwa wakati huo, yaani bora ishushe ubora kuliko isimame kabisa.

Mpira laivu hapana, hapo antena bado iko juu. Kwangu mchezaji ndo kwanza anaweka mpira apige kona, nyumba ya pili wameshashangilia goli, kwa sababu vile vipande lazima viandaliwe kwanza na apu ihifadhi kadhaa kabla ya kukuonyesha. Tena mnara wa TV unarusha mara moja kwa wote, hata waangalie mamilioni picha ni ile ile, wakati kwenye intaneti kila mtu anapelekewa yake, ndo maana mechi kubwa inakwama kwama. Kwa hiyo antena sijaing'oa na nakushauri na wewe usiing'oe.

Kilichoniuma kweli ni apu moja niliyokuwa nalipia, nimefika katikati ya sirizi, siku ya pili natafuta haipo, kumbe leseni yao imeisha. Naelewa hawamiliki kila wanachoonyesha, lakini apu nyingine zinakuandikia siku ya mwisho ya kuangalia, hawa hata neno. Mteja anayelipa ajulishwe mapema, hata wiki moja tu ningejibana nikaimaliza.